Hodi, Karibu, S

Mama mkwe wangu alipokuja kukaa kwetu Kiwalani, mimi na yeye tulianza kuishi kama watu wanaocheza kombolela bila kutangaziana mchezo. Yeye akiwa uani, mimi niko sebuleni. Nikitaka kutoka sebuleni, nakohoa kwanza. Akisikia kikohozi changu anaingia chumbani kwake na pazia linashuka. Asubuhi nilikuwa nachuchumaa karibu na mlango wa jikoni, uso chini, nasema, "Shikamoo mama," naye anajibu, "Marahaba baba, umeamkaje," huku akiitazama sufuria kana kwamba sufuria ndiyo iliyomwamkia.

Majirani walikuwa wakitucheka. Walisema mambo ya kuogopana na mkwe yaliachwa mikoani siku nyingi. Lakini mimi nimetoka Iringa, yeye ametoka Masasi, na ingawa watu wa kwetu na wa kwao hawafanani kwa chakula wala kwa ngoma, kwenye suala la mkwe tunaelewana vizuri sana. Hamgusani mikono, hamkai benchi moja, hamtazamani machoni, na kubwa kuliko yote, hamkosoani. Mkwe haambiwi kwamba amekosea. Akitia chumvi mara mbili, unakula na unashukuru.

Kwa hiyo alasiri ile niliposikia sauti yake nyuma ya pazia ikisema taratibu, "Herufi zimekuwa kubwa," sikujua nifanye nini. Hakuwa akiniambia mimi. Alikuwa akiuambia ukuta. Lakini ukuta haukuwa na laptopu, na laptopu aliyokuwa akiitumia ilikuwa yangu.

Nieleze kwanza ilivyofika mikononi mwake. Mama mkwe alikuwa karani wa kupiga taipu tangu enzi za mashine zile nzito zenye utepe wa wino, na baadaye akahamia kompyuta pamoja na ofisi yake. Baba mkwe alipougua, aliacha kazi akamuuguza mpaka mwisho. Baada ya msiba, chumba walichokuwa wamepanga Temeke hakukitaka tena, kila pembe ilikuwa na kikohozi cha mzee. Mke wangu akaenda akabeba godoro na mama yake, akaja navyo nyumbani.

Kwao, mwanamke kulala kwa mkwe wake ni jambo la kuinamisha kichwa. Hakulalamika hata siku moja, na hiyo ndiyo iliyotuumiza. Alikula kidogo. Alifua kabla hatujaamka ili asikutwe akitumia maji. Mgeni akipiga hodi wakati hatupo karibu, alikaa kimya chumbani mpaka mgeni akachoka akaondoka, kwa sababu mlango haukuwa wake na karibu haikuwa yake kuitoa. Siku moja mke wangu alimgombeza kwa jambo hilo, akajibiwa, "Mwanangu, mie nataka mlango wangu. Hata kama ni chumba kimoja. Mtu akipiga hodi, nijibu mie." Nilikuwa nyuma ya jiko la mkaa uani, nikasikia.

Ndipo ikapatikana habari ya Pugu. Shule moja ya binafsi huko ilitafuta mtu wa kuchapa mitihani, na kazi hiyo ilikuja na chumba cha mfanyakazi ndani ya uzio wa shule, kilichokuwa wazi. Mwalimu mkuu alimpokea vizuri, akamwambia arudi Jumatatu inayofuata kwa majaribio. Shida ilikuwa moja tu. Kompyuta zao zilikuwa za msaada, kuukuu, na mausi zote zilikuwa zimekufa. Walimu walikuwa wakitumia programu ndogo ya kuandikia ambayo kila kitu chake hufanywa kwa vitufe. Mwalimu mkuu alimpa programu hiyo kwenye flashi, pamoja na karatasi moja ya maelekezo iliyotolewa kopi mpaka ikafifia. "Ukiimudu karatasi hii, mama," alimwambia, "umeimudu kazi."

Sasa mjue kwamba mimi kazi yangu ni kuandika maelekezo. Ukinunua pampu ya maji Kariakoo ukakuta ndani ya boksi karatasi ya Kiswahili inayoeleweka, huenda ni yangu. Kama haieleweki, si yangu. Nina hasira na maelekezo mabaya kama watu wengine walivyo na hasira na waamuzi wa mpira. Kwa hiyo habari ya karatasi ilipofika nyumbani, nilijinyoosha kitini nikamwambia mke wangu amwambie mama yake asiwe na wasiwasi, mkwe wake anaijua kazi. Nikatoa laptopu yangu, nikaingiza programu, mke wangu akaipeleka chumbani akaiweka juu ya meza ya cherehani. Pazia likashuka.

Na sasa herufi zilikuwa zimekuwa kubwa.

Nilikohoa. Yeye akakohoa. Nilitaka kusema, "Mama, umebonyeza nini?" lakini swali la namna hiyo lina lawama ndani yake. Sebuleni tulikuwa na paka mmoja wa rangi ya vumbi, asiye na kazi yoyote, amelala juu ya kochi. Nikamgeukia.

"Paka," nikasema kwa sauti ya kutosha kuvuka pazia, "sijui mtu akitaka kuhifadhi maandishi yake, karatasi inamwambia abonyeze nini."

Nikasikia karatasi ikinyanyuliwa. Kisha sauti ikatoka. "Paka, mwambie karatasi inasema Ctrl, halafu alama ya kujumlisha, halafu S. Nimebonyeza hivyo hivyo."

Nikaelewa yote kwa mara moja, nikajifunika uso kwa mikono. Karani wa taipu haongezi wala hapunguzi. Bosi akiandika mkato, karani anapiga mkato. Bosi akiandika jumlisha, jumlisha inapigwa. Mama mkwe alikuwa akishika kitufe cha Ctrl, kile ambacho sote hapa mjini tunakiita kontroo, kisha akitafuta alama ya kujumlisha na kuibonyeza kwa uaminifu wote. Na katika programu ile, kontroo pamoja na alama ya kujumlisha ni amri ya kukuza maandishi. Halafu akiachia, anapiga S, na S inaandikwa mwishoni mwa sentensi. Kadiri alivyojitahidi kuhifadhi kazi yake ndivyo ilivyozidi kuwa kubwa na kujaa herufi s.

"Paka," nikasema, "ile alama ya kujumlisha haibonyezwi. Imewekwa tu kuonyesha vitufe viwili viende pamoja."

"Paka, mwulize. Kama haibonyezwi, aliyeiandika aliiandika ya nini?"

Nikamtazama paka. Paka akageukia upande mwingine wa kochi. Mke wangu, ambaye ni msusi na saluni yake ipo mtaa uleule, akaingia wakati huo mikono imejaa mafuta ya nywele, akachungulia nyuma ya pazia, akatoka akaketi sakafuni. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kuna s moja mle ndani kama mlango wa kabati," akasema alipopata pumzi. "Kioo kizima s. Mama kakaa mbele yake katulia, anaiangalia."

"Usimcheke mama yako."

"Simcheki mama. Nawacheka nyie na huyo paka."

Nikamwomba aniletee karatasi ya shule. Nilipoisoma, hasira zikanipanda mpaka masikioni. Ilikuwa kazi ya mtu aliyejua vitufe vyote vizuri ila hakuwahi kumfikiria anayesoma. "Kuhifadhi waraka: Ctrl+S," iliandikwa. "Kuhifadhi nyaraka zote zilizo wazi: Ctrl+K, S." Na chini kabisa, kwa herufi nzito: "Angalizo: amri ambatani hutekelezwa kwa mfuatano sambamba." Nilisimama nikazunguka kochi. Mfuatano ni kimoja baada ya kingine. Sambamba ni vyote pamoja. Mtu aliandika maneno hayo mawili yakiwa yamekaa jirani, akaridhika, akaenda kula. Nilimsimanga mtu huyo kwa muda mrefu, na mke wangu akanisikiliza kwa subira huku akijifuta mafuta.

"Umemaliza?" akauliza. "Mie naona uandike yako."

Wazo lilinipendeza mno. Nikakaa na kalamu. Nikaandika kwa ufundi wangu wote, ukurasa uliojaa mbele na nyuma, nikaanza na maana ya kibodi na historia fupi ya vitufe. Nilipomsomea mke wangu, alinitazama kwa huruma.

"Hii risala ya harusi au maelekezo?"

"Ni utangulizi."

"Mama ana mpaka Jumatatu. Toa utangulizi."

Nikautoa. Nikagundua kwamba chini ya utangulizi hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeandika kwamba kontroo "hubanwa kwa pamoja na herufi husika", yaani nami nilikuwa nimesema yaleyale kwa suti nyingine. Kama ningeweza kuingia mle chumbani, kukaa pembeni yake na kumwonyesha kwa kidole, mambo yangekwisha kwa dakika moja. Watu wote hufundishana hivyo, na ndiyo sababu hakuna anayejali karatasi imeandikwa nini. Lakini mimi nilikuwa na pazia. Karatasi yangu ilipaswa kusimama yenyewe, bila kidole cha mtu. Nilitoka nje kuvuta hewa.

Nyumba yetu ina geti la bati ambalo mwenye nyumba alilitia springi ili mbuzi wasiingie. Ukilisukuma linafunguka, ukiliachia linakurudia kisogoni. Kila anayeishi pale amejifunza kulipita na ndoo: mkono mmoja unashikilia geti, mwingine unapitisha ndoo, na geti haliachiwi mpaka ndoo iwe imeingia. Mke wangu alikuwa akiingiza maji wakati huo huo, mguu ukisaidia mkono, kama kila siku. Nikamwangalia mpaka akaniuliza kama nimepatwa na nini.

Nilirudi ndani nikaandika hivi: "Kontroo ni geti letu. Lishikilie kwa kidole kimoja, lisikurudie. Likiwa bado limeshikiliwa, pitisha S mara moja. Ndipo uachie geti." Basi. Hakuna jumlisha. Nikaiweka karatasi juu ya kigoda karibu na pazia, nikakohoa, nikarudi nyuma mpaka uani. Niliona mkono ukitoka, ukaichukua, ukarudi ndani.

Tulisubiri, mimi, mke wangu na ndoo. Ndege moja ikapita juu ikishuka kuelekea uwanjani, mabati yakatetemeka, na ilipokwisha tukasikia sauti.

"Imepita."

"Nini, mama?" mke wangu akauliza.

"Ndoo. Huku chini pameandikwa imehifadhiwa."

Sijui niliwahi kufurahi hivyo lini. Nilirukaruka pale uani bila kutoa sauti, ili mkwe asisikie, mikono juu. Jirani aliyekuwa akianika nguo alinisalimia kwa tahadhari. Mke wangu akaniambia nishuke chini, watu watasema nimeanza wazimu.

Siku zilizofuata ukurasa wangu ulikua. Kila amri ya vitufe viwili ikaingia getini: Z ilipita kurudisha kilichofutwa kwa bahati mbaya, F ilipita kutafuta neno, P ilipita kuchapa. Mama mkwe alikuwa akizirudia chini kwa chini akipepeta mchele. Mke wangu naye akaanza. Akiniona nimepoteza funguo, alisema, "Shika geti, pitisha F." Nyumba yetu, iliyokuwa imejaa kukohoa, ikaanza kuwa na maneno. Bado tulipitia kwa paka, lakini paka alikuwa na kazi nyingi siku hizo.

Kisha tukafika kwenye ile amri ya pili, ya kuhifadhi nyaraka zote kwa pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba kila mtihani una mafaili mawili, la maswali na la majibu ya msahihishaji, na mchapaji wao wa zamani aliondolewa kwa kupoteza majibu mara kwa mara. Amri yenyewe ina hatua mbili. Unashika kontroo, unapitisha K, unaachia vyote. Halafu, peke yake, unabonyeza S.

Nikaandika hivyo hivyo, kwa maneno mafupi. Karatasi ikaenda. Nikasikia geti likishikwa, nikasikia K ikipita. Halafu sikusikia kitu.

Nikangoja. Ndege ikapita. Nikaendelea na kazi yangu ya maelekezo ya jiko la gesi, nikaandika sentensi, nikaifuta. Ndege nyingine.

"Paka," nikasema mwishowe, "sijui mambo yamefikia wapi."

"Paka, mwambie tunasubiri."

"Mnasubiri nini?"

"Huku chini pameandikwa, inasubiri kitufe cha pili. Basi nami nasubiri."

Kompyuta ilikuwa inamsubiri yeye, na yeye, kwa adabu zake, alikuwa anaisubiri kompyuta. Kwa muda wote ule walikuwa wameketi wakitazamana, hakuna anayetaka kumtangulia mwenzake. Mtu aliyefanya kazi ofisini maisha yake yote anajua kwamba ukisoma neno subiri, unakunja mikono. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na Jumatatu haikuwa mbali. Niliandika tena. Nikaandika kwa namna nyingine. Kila mara aliposoma yale maneno chini ya kioo, mkono wake ulisita, na programu ikichoka kungoja ilifuta amri yote. Kupitia paka alisema, kwa upole ulioniuma kuliko hasira, kwamba labda shule imtafute kijana.

Mke wangu alikuwa saluni. Mimi nilikuwa nimeweka kichwa mezani juu ya karatasi zangu. Na hapo nje mtu akaita.

"Hodi."

Sikusikia vizuri. Nilikuwa nimezama.

"Hodi jamani."

"Karibu," ikajibu sauti nyuma ya pazia.

Nikainua kichwa. Mama mkwe hakuwahi kuitikia hodi katika nyumba yetu. Nafikiri naye alikuwa amezama kwenye kioo kiasi kwamba neno lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka miaka yote alipokuwa na mlango wake. Hapohapo akanyamaza, na nilihisi aibu yake ikipita kwenye kitambaa cha pazia.

Mwanamke wa nje hakujua lolote. Aliposikia karibu, alisema tu alichokuja nacho. "Namfuata msusi, nimeambiwa anakaa hapa."

Niliruka nikagonga goti kwenye meza na sikusikia maumivu mpaka baadaye. Nilimwelekeza mteja saluni kwa mkono mmoja huku mwingine ukiandika. Niliandika hivi: "Kontroo na K ni hodi. Ukishapiga hodi, achia. Yale maneno ya chini, inasubiri kitufe cha pili, maana yake ni karibu. Ukijibiwa karibu huwezi kusimama kimya mlangoni. Sema ulichokuja nacho. Umekuja na S. Sema S." Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapata moto, nikaongeza: "Ukiwa umepiga hodi kwa bahati mbaya, kile kitufe cha Esc pembeni juu kinasema, samahani, nimekosea nyumba."

Sikuweka kwenye kigoda. Niliipitisha chini ya pazia kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikasikia akisoma kwa kunong'ona. Geti likashikwa. "Hodi," akasema polepole. Akasoma chini ya kioo. "Karibu." Kisha kitufe kimoja kikalia.

"Yote," akasema. "Inasema yote yamehifadhiwa."

Halafu akaanza kucheka. Sikuwahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa, cha kutoka tumboni, cha msichana wa ngomani, na kilipofika kwenye sehemu ya samahani nimekosea nyumba, kikaongezeka, kwa sababu aliibonyeza Esc, akapiga hodi tena, akaibonyeza tena, akazikimbia nyumba hizo za watu moja baada ya nyingine. Mimi nami nilikuwa nimekalia sakafu upande wangu wa pazia, machozi yananitoka. Tulicheka hivyo, tumegeukiana bila kuonana, mpaka mke wangu akarudi kuuliza nani amemwelekeza mteja kwenye banda la kuku.

Jumatatu mke wangu alikuwa na bibi harusi wa kusuka, hakuweza kukosa. Ikabidi nimsindikize mimi. Tulichukua bodaboda mbili, yangu mbele, yake nyuma kwa mbali. Dereva wangu aligeuka mara kadhaa akimtazama.

"Braza, mmegombana na maza?"

"Hapana. Ni mama mkwe."

"Ahaa," akasema, akaongeza mwendo ili umbali uwe wa heshima zaidi.

Shuleni nilipewa benchi kwenye veranda, chini ya dirisha la ofisi. Sikuweza kuona ndani, lakini nilishazoea kusikiliza. Nilimsikia mwalimu mkuu akimpa mtihani wa maarifa ya jamii ulioandikwa kwa mkono, maswali na majibu, akimwambia wapo wengine wanaokuja kesho kwa kazi hiyohiyo. Kisha vitufe vikaanza. Vidole vyake vilikwenda bila haraka na bila kusimama. Kila baada ya muda mfupi nilisikia kituo kidogo, na ndani ya kituo hicho sauti ndogo ya midomo, nami pale bencheni niliitamka pamoja naye bila sauti.

Umeme ukakatika.

Feni ya ofisini ikapunguza mwendo ikanyamaza. Nilisikia mwalimu mkuu akiguna. "Ah, pole mama. Hapa ndipo tunapopotezaga kila kitu. Basi, tutaangalia siku nyingine." Nilijua siku nyingine maana yake nini. Niliushika ukingo wa benchi. Nilitamani kusimama dirishani niseme lolote, lakini mkwe wangu alikuwa ndani, na kama kuna mtu wa kusema alikuwa yeye.

"Naomba tusubiri urudi, mwalimu," akasema mama mkwe. Huyo alijua kusubiri.

Tulisubiri. Wanafunzi walitoka mapumziko wakarudi madarasani. Feni ilipoanza kuzunguka tena, nilisikia kompyuta ikiwaka kwa tabu, ikikoroma, ikiwaza. Halafu kiti cha mwalimu mkuu kikasogea.

"Maswali yapo," akasema. Akabonyeza tena. "Na majibu yapo. Mpaka sentensi ya mwisho. Mama, umefanyaje?"

"Nilipiga hodi," akajibu.

Mwalimu mkuu hakuelewa, na mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kofia yangu. Tulipotoka, mama mkwe alipita mbele yangu kwenye veranda, uso chini kama kawaida, akasema na ua la boga lililokuwa pembeni, "Mwambie nimepata." Nililijibu ua lile kwamba nimefurahi sana.

Alihamia Pugu wiki hiyohiyo. Mke wangu alibeba godoro lilelile. Mimi nilibaki nyumbani, ili asihamishwe na mkwe, na nikagundua nakohoa kabla ya kuingia sebuleni ingawa hapakuwa na mtu. Paka alinitazama akingoja ujumbe. Nilimkumbuka mama mkwe kuliko nilivyotarajia, na nilimwambia mke wangu hivyo, naye akasema hata yeye.

Jumapili moja tukaenda kumtembelea, mke wangu na kapu la embe, mimi na ndoo mpya yenye mfuniko. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye safu, mlango umepakwa rangi ya bluu, nje amepanda mchaichai. Mke wangu aliniachia nitangulie, akasema yeye mikono imejaa. Nikasimama pale, nikavua kofia.

"Hodi."

Ndani vyombo vikanyamaza. Niliisubiri ile karibu. Haikuja. Ikaja sauti ya mama mkwe wangu, kavu kabisa, ya ofisini.

"Inasubiri kitufe cha pili."

Mke wangu alikalia kapu la embe. Mimi, mwandishi wa maelekezo, nilisimama na ndoo yangu na sikuwa na neno hata moja. Mkwe alikuwa amenitania. Kwetu Iringa hakuna anayejua mtu afanye nini likimtokea hilo.

"Sema," mke wangu akaninong'oneza, akijifuta macho. "Itafuta."

"S," nikasema.

Mlango wa bluu ukafunguka. Alisimama pale katikati, khanga mabegani, na safari hii hakuitazama sufuria. Alinitazama mimi.

"Karibuni," akasema. "Karibuni kwangu."